Bati la Nyumba Si Kipimo cha Njaa

Serikali yoyote inayokusudia kumsaidia mwananchi mwenye njaa haina budi kwanza kumtambua. Kutambua huko hufanywa kwa karatasi: fomu, orodha, muhtasari wa mkutano na saini za viongozi. Wako wanaozibeza karatasi hizo na kuziita urasimu mtupu. Hatukubaliani nao. Bila ya karatasi, msaada wa umma hugeuka kuwa zawadi ya mwenye cheo kwa jamaa zake. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: je, karatasi zetu zinaupima umaskini wa mwananchi, au zinahesabu vitu vyake tu?

Nchini Marekani, ambako sheria ya stempu za chakula ilipitishwa mwaka 1964, hesabu hufanywa kwa vithibitisho. Mwombaji hupeleka hati za mshahara wake. Kisha, kabla msaada haujakadiriwa, kipato chake hupunguzwa kwa kuzingatia kodi ya nyumba na gharama za umeme, maji na kupasha nyumba joto. Msingi wa jambo hili ni wa haki: fedha iliyokwisha kwenda kwa mwenye nyumba na kwa kampuni ya umeme haiwezi tena kununua chakula. Lakini utaratibu huo unahitaji nchi ambayo kila senti ina risiti.

Kyela haina risiti za namna hiyo. Mwananchi wa Talatala, kama walivyo wenzake katika ukanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, huishi katika wilaya ya mpunga, kakao, ndizi na uvuvi. Kakao ina stakabadhi, kwa kuwa huuzwa kupitia vyama vya ushirika. Mpunga huuzwa debe kwa debe, na usipa huuzwa kwa mafungu, hakuna anayeandika. Tena kipato chenyewe hupanda na kushuka. Kaya iliyokuwa na magunia wakati wa mavuno yaweza kuwa inanunua chakula miezi michache baadaye, na masika yakizidi, mito ya Songwe, Kiwira, Lufilyo na Mbaka hufurika na kuingia mashambani. Kama Serikali ingedai hati za mapato, ingemwona mkulima wa kakao peke yake.

Ni dhahiri basi kwa nini Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioundwa mwaka 2000, haukufuata njia hiyo ulipoanza mpango wa kunusuru kaya maskini mwaka 2012. Uliweka hatua tatu. Kwanza, maeneo yenye uhitaji huchaguliwa. Pili, mkutano wa kijiji au mtaa hutaja kaya zilizo maskini zaidi. Tatu, kaya hizo hujaziwa dodoso kuhusu idadi ya watu, aina ya nyumba na mali zilizomo, na majibu hupitishwa katika kanuni ya hesabu inayokadiria hali ya maisha yao. Hatua hiyo ya tatu ina sababu yake. Uhakiki uliofanywa baadaye uliondoa maelfu ya kaya zisizostahili, na hilo linatosha kuonyesha kwamba neno la mkutano peke yake halitoshi.

Hata hivyo, kanuni inayohesabu vitu hukosea kwa namna yake. Chukua mfano wa bibi anayelea wajukuu wanne katika nyumba ambayo mwanawe marehemu aliiezeka kwa bati. Bati linaonekana na dodoso litalipokea. Lakini fedha ya dawa ya mgonjwa, ya mafuta ya taa, ya kuni, ya nauli ya kwenda zahanati, haina ankara wala pa kuandikwa. Gharama ambazo Mmarekani hupunguziwa kwa kuonyesha karatasi, bibi huyu huzibeba kimya kimya, na hesabu humwona ana nafuu.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanalo la kutufundisha. Mpango wa TASAF uko Unguja na Pemba pia. Lakini mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa wazee wote waliofikia miaka 70, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumuuliza mzee ana kipato gani. Kinachothibitishwa ni umri na ukaazi. Hatusemi kwamba njia hiyo yaweza kufuatwa kwa kila msaada, kwani fedha ya taifa ina mpaka. Tunasema inathibitisha kwamba karatasi chache zilizochaguliwa vizuri zaweza kumfikia mnyonge bila ya kumpekua.

Kwa watendaji wa Serikali tuna mapendekezo matatu. Kaya iliyotajwa na mkutano kisha ikakataliwa na hesabu ielezwe sababu kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ipewe muda wa kukata rufaa mbele ya mkutano ule ule. Pili, gharama zisizoepukika, hasa ugonjwa na malezi ya yatima, zipewe nafasi yake katika dodoso, na ushahidi wa majirani watatu uliotolewa hadharani ukubaliwe pale ambapo risiti haipo. Tatu, dodoso lionyeshe mwezi lilipojazwa, ili kaya iliyohesabiwa wakati wa mavuno isihukumiwe kwa magunia yatakayokuwa yamekwisha ifikapo njaa.

Wananchi nao wana wajibu. Atakayeficha mali yake ili aandikwe, au atakayenyamaza mkutanoni asiyestahili akitajwa, huyo anaula mkate wa yatima. Karatasi ya haki huandikwa na pande mbili: mtendaji anayeuliza lililo muhimu, na mwananchi anayejibu kweli.