Je, Shule ya Umma Iwatoze Wazazi Pesa za Kumwandikisha Mtoto?



Kila Januari swali hili hutufikia kutoka Njoro, Molo, Kuresoi na Subukia, na pia kutoka mitaa ya Rhonda na Kaptembwo hapa Nakuru. Mzazi anampeleka mtoto shule ya gavamenti, anaonyeshwa orodha: pesa za kuandikisha, dawati, rimu ya karatasi, mlinzi, mwalimu wa bodi. Akiuliza anaambiwa, "Masomo ni bure, lakini hizi si karo." Tulieleze jambo hili pole pole, ili kikundi kikilizungumza kiwe na ukweli mkononi.

TULIKOTOKA

Ahadi ya elimu ya bure ni ya tangu Uhuru, 1963. Mwaka 1974 karo iliondolewa darasa la 1 hadi la 4, na watoto karibu milioni moja zaidi wakaingia shule. Lakini mahali pengi shule zikaanza kudai pesa za jengo, na penginepo zikapita hata ile karo iliyofutwa. Wengi walioingia kwa furaha wakarudi nyumbani. Miaka ya mwisho ya 1980 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mzigo ukarudi tena kwa mzazi: vitabu, madawati, majengo, karakana za 8-4-4.

Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki ikaondoa karo katika shule zote za msingi za umma. Wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza pale Kapkenduiyo, Eldoret. Hawa wote si kwamba walikuwa wamedharau masomo. Waliokuwa nje walizuiwa na pesa mlangoni.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Halafu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inafafanua. Tushike mambo manne:

1. Shule ya umma haitozi karo ya mafunzo.
2. Hairuhusiwi kuchukua pesa za kumpokea mtoto shuleni.
3. Michango mingine inaweza kutozwa, lakini mpaka Waziri aidhinishe baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hata hapo, mtoto asikataliwe kwa sababu mzazi hajalipa.
4. Anayepokea mchango lazima atoe risiti rasmi.

Kwa hivyo kubadilisha jina la pesa hakubadilishi kitu. Ukiambiwa "bila hii mtoto haandikishwi," hiyo ni pesa ya kuingilia, hata ikiitwa dawati.

BASI MBONA SHULE ZINAOMBA?

Tusiwe wepesi kumlaumu mwalimu mkuu. Mwaka 2003 serikali ilianza kwa kutuma shilingi 1,020 kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka, baadaye ikapanda hadi 1,420. Tupige hesabu: shule ya watoto 400 kwa 1,420 ni shilingi 568,000 kwa mwaka mzima. Hapo kuna chaki, mitihani, stima, maji na ukarabati. Na pesa hizo huja kwa mafungu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na asilimia 20 wa tatu, na mara nyingi huchelewa. Mlinzi naye anataka mshahara mwisho wa mwezi. Hata kwa sekondari, Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu zile shilingi 22,244 zilizopangwa kwa kila mwanafunzi.

Wengine husema cha bure hakithaminiwi, mzazi akilipa ndipo atafuatilia masomo. Kuna ukweli kidogo: shule ambayo wazazi wameweka mkono huichunga. Lakini kuweka mkono si lazima kuwe noti. Tena, pesa ile ile haina uzito mmoja kwa watu wote. Tuseme shule inadai 2,000 kwa kila mtoto. Mwenye duka atatoa leo. Mama wa kibarua cha viazi mwenye watoto watatu anahitaji 6,000 kabla ya kununua hata kalamu. Atafanya nini? Ataandikisha mmoja, wawili wangoje. Mara nyingi anayengojeshwa ni msichana. Akikaa mwaka mmoja anaona haya kuketi na wadogo zake, na siku moja unasikia ameenda mjini kulea mtoto wa mtu.

Msimamo wetu basi ni huu: pesa za kuandikisha zisiwepo kabisa. Mchango wa jamii uwepo, ila usisimame kati ya mtoto na darasa. Hili linahusu pia shule za umma zinazodhaminiwa na Kanisa letu. Udhamini hauondoi sheria.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

- Mzazi akidaiwa, aombe kwa heshima barua ya idhini na risiti. Asiende peke yake. Wawili au watatu wa kikundi wafuatane naye.
- Tuhudhurie mkutano wa wazazi na tuulize: serikali imetuma ngapi, lini, zimetumikaje? Hesabu isomwe mbele ya wote.
- Shule ikiwa na shida ya kweli, tufanye harambee kwa hiari. Asiye na pesa alete kuni, mahindi, mawe au siku moja ya kazi.
- Mtoto akifukuzwa, tumwone mwalimu mkuu kwanza, kisha bodi ya shule, kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Tuandike tarehe na kiasi kilichodaiwa.
- Merigo itenge kitu kidogo kila mwezi kwa sare na daftari, kwa maana mara nyingi hizo hununuliwa na mzazi.
- Tumkumbushe mbunge wetu kwamba pesa za shule hupitishwa Bungeni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni watoto wangapi kijijini kwetu hawajaandikishwa mwaka huu? Tuwataje majina na sababu.
2. Shule yetu inadai nini, na ni kipi kilichoidhinishwa?
3. Sisi tunaweza kutoa nini bila mtoto yeyote kubaki nje?
4. Nani atatuletea jibu mkutano ujao?