Gazi ya radoni: namna ya kuipima katika nyumba za watu wengi

Tuliposikia jina la radoni katika somo la kemia, wengi wetu tulifikiri ni mambo ya mashimo ya madini tu. Hapana. Udongo wote wa dunia una uraniumu kidogo, si ule wa Shinkolobwe peke yake. Uraniumu inageukageuka pole pole mpaka kuzaa radoni, na gazi hii inapita katika nyufa za sima na kuingia nyumbani. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta kansere ya mapafu, na zaidi kwa mwenye kuvuta sigara.

Mwaka wa 1984, kule Pennsylvania (Marekani), injenieri mumoja, Stanley Watras, alikuwa akipita mulangoni mwa usini ya umeme wa nyuklia, na mashini ya kupima ikalia. Lakini usini ile ilikuwa haijaanza kutoa umeme! Kumbe alitoka nayo nyumbani kwake. Walipopima nyumba wakakuta bekereli karibu 100 000 katika kila metre kube ya hewa. Tangu 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri 100, au isipite 300.

Sasa, masomo, biro ao magazini inapimwa namna gani? Wanaweka kipande kidogo cha plastiki ndani ya kisanduku, miezi 3. Radoni ikivunjika inakichoma alama ndogo ndogo, na labo inazihesabu. Kinawekwa katika kila chumba kinachogusa udongo na chenye watu kukaa sana, kwa maana chumba kimoja kinaweza kuwa kizuri na cha pembeni kibaya. Ndiyo sababu kupima biro ya mukubwa peke yake ni kujidanganya.

Kuna mutego hapa. Siku ya posho na siku ya Mungu biro imefungwa, hewa haitembei, radoni inapanda. Siku ya kazi madirisha yako wazi, inashuka. Plastiki inahesabu yote pamoja. Basi hesabu ikiwa kubwa, wanaleta mashini ingine yenye kuandika kila saa, wajue watu wanavuta ngapi wakiwa kazini.

Ikipita kipimo, wanatoboa sakafu, wanatia tiyo na ventilatere, gazi inavutwa chini ya nyumba na kutokea juu ya paa.