Macho yanayocheza, darasa linalozomea

Wazazi wa Magu, Sengerema na Ukerewe wanatuuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: mwanangu ana ualbino, kila Jumatatu tumbo linamuuma, shule hataki kuisikia. Wengine wameshampeleka kwa mganga. Maumivu hayo ni ya kweli, ila chanzo kiko darasani. Wenzake wanamwita "zeruzeru", wanamwita "dili", yaani biashara. Katika Kanda ya Ziwa, ambako watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, "dili" si utani. Ni kumtishia mtoto kifo.

Kuzomea kwingi, hata hivyo, huanzia kwenye macho. Macho yake hucheza huku na huku, na akitaka kusoma huinamisha kichwa upande. Wenzake humwigiza. Walimu nao, nasema kwa uchungu, humwona jeuri: "Nitazame vizuri!" Kumbe ndivyo anavyotazama vizuri. Jicho linapojengeka tumboni mwa mama huhitaji melanini, ile rangi ya mwili, ili kitovu cha retina, sehemu tunayosomea, kikomae. Kwa mwenye ualbino melanini ni pungufu, kwa hiyo kitovu hicho hakikomai, picha hufika na ukungu na macho hayapati pa kutulia. Lakini kwa wengi ipo pembe moja ambayo mchezo huo hupungua. Mtoto huigundua mwenyewe, bila kufundishwa na yeyote, akageuza kichwa mpaka aipate. Ukimnyoosha shingo, umemfutia ubao.

Kuna na hili la mpira. Kwa kawaida karibu nusu ya nyuzi za neva za kila jicho huvuka upande wa pili wa ubongo, zilizobaki huishia upande wake. Ubongo hulinganisha picha mbili hizo na kupima umbali. Kwa mwenye ualbino nyuzi nyingi mno huvuka, ulinganisho unavurugika, mpira unampita mikononi na uwanja mzima unacheka. Miwani husaidia bila kumaliza tatizo, maana kasoro haiko kwenye lenzi. Anayewauzia wazazi matone ya mitishamba "ya kutuliza macho" anawaibia, na anaweza kumharibia mtoto hata uoni mdogo alio nao.

Ualbino hauambukizwi kwa kukaa dawati moja. Mama hakutembea na Mzungu. Vinasaba vimetoka kwa wazazi wote wawili. Wala wenye ualbino "hawapotei": hufa na kuzikwa kama sisi. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015, na bado uongo wao kuhusu ualbino unarudiwa na watoto wa darasa la pili.

Sasa mfuate aliyezomewa mpaka akaacha shule. Anakwenda wapi? Shambani, au mwaloni kuanika dagaa jua la saa sita. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miale huichoma ngozi isiyo na kinga siku baada ya siku. Mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliopata saratani ya ngozi, wengi wakiwa wamefika hospitali wamechelewa. Sisemi wote walifukuzwa shule kwa kuzomewa. Nasema dawati ni kivuli, na kila anayesukumwa nje ya darasa anasukumwa juani.

Darasani, mtoto mwenye ualbino akae mbele, mbali na mwanga wa dirisha. Mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni. Kofia pana na mikono mirefu viruhusiwe hata kama si sare, na anayempokonya kofia achukuliwe kama aliyempiga. Kuhusu mafuta ya kukinga jua, ulizia Kilisun, yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Kidonda kisichopona kipelekwe hospitali mapema, kingali kidogo.

Na tumbo likiuma tena Jumatatu, mzazi, mtangulie mwalimu mkuu ofisini kwake, ukiwa na majina ya wanaomzomea.