Haba na Haba Ilimfikisha Kwenye Televisheni



Tukipita viwandani na mashambani kueleza habari ya ada ya chama, swali ni lile lile: "Shilingi zetu hizi chache zitafanya nini mbele ya tajiri?" Leo tunajibu kwa habari za dada mmoja mweusi wa Marekani, Issa Rae.

Alizaliwa mwaka 1985 mjini Los Angeles. Baba yake ni daktari kutoka Senegal, mama yake mwalimu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2007. Kwa hiyo hatusemi alitoka katika dhiki kama zetu. Lakini mlango aliobisha ulikuwa mgumu. Katika televisheni ya nchi ile, msichana mweusi wa kawaida, mwenye haya, asiyejua aseme nini mbele za watu, alikuwa haonekani.

Issa Rae hakungoja ruhusa. Mwaka 2011 alianza kutoa mchezo wake, The Misadventures of Awkward Black Girl, kwa vipande vifupi kwenye intaneti, katika YouTube. Aliandika mwenyewe, akaigiza mwenyewe, rafiki zake wakamsaidia. Kazi ikiwa katikati, fedha zikapungua. Akawaomba watazamaji wamchangie dola 30,000. Wakatoa zaidi ya dola 56,000! Waliochanga walikuwa karibu watu 2,000. Pigeni hesabu, ndugu: ni wastani wa dola 28 hivi kwa kila mtu. Mchezo ukaendelea bila ya kumpigia magoti tajiri yeyote.

Ndipo wenye televisheni walipomtafuta wenyewe. Mchezo wa kwanza aliouandikia shirika moja kubwa haukuonyeshwa. Hakukata tamaa. Oktoba 2016 shirika la HBO lilianza kuonyesha mchezo wake Insecure, ambao alikuwa mmoja wa watungaji wake na mwigizaji mkuu. Uliendelea kwa misimu mitano, hadi Desemba 2021.

Hapo tusimame kidogo. Wale waliochanga walifanya jambo jema, lakini baada ya kutoa walibaki watazamaji. Dada yetu alipanda. Na wengine je? Waandishi wengi wa michezo hiyo hawana jina wala mali. Kwa hiyo tarehe 2 Mei 2023 chama cha waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani kiligoma. Walidai malipo ya haki kazi zao zinapoonyeshwa kwenye intaneti, na kinga ili mashine za akili bandia zisichukue nafasi zao. Julai waigizaji nao wakagoma. Waandishi walikaa nje siku 148, wakarudi kazini wakiwa na mkataba ulio bora zaidi. Mwenye jina na asiye na jina, wote walihitaji chama.

Basi jibu letu ni hili. Michango midogo ya watu wengi ilimfungulia mlango mtu mmoja. Katika chama, michango hiyo hiyo humfungulia kila aliyechanga, naye ana haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi, na ya kupiga kura.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba, ndugu, hakijai kwa maneno. Lipeni ada, njooni mkutanoni.