Mkanda wa belo na mkono wa mbebaji

Mkanda hukazwa kwa mashine Uchina au Ulaya, ukaja kufunguliwa kwa mkono Birere, mjini Goma. Njiani mzigo umelipiwa kila kitu: meli, bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, lori, forodha. Ukifika depo ya Goma, kazi ya mwisho, ile ya kuufungua, mara nyingi haitengewi kitu.

Na mizigo ni mingi. Mji huu lava ya volkano ya Nyiragongo iliupasua katikati Januari 2002, na Mei 2021 ikala nyumba nyingine upande wa kaskazini. Kwa hiyo mabati ya kujengea upya hayaachi kuhitajika. Huja yamefungwa kwa mikanda ya chuma, na mabelo ya mitumba kwa chuma au plastiki.

Mkanda wa chuma uliokazwa ni kama upinde uliovutwa. Ukikatika, ncha huruka, nazo hutafuta uso wa aliyeinama. Belo nalo limeshindiliwa kwa nguvu, kwa hiyo hufutuka ghafla. Panga likitumika kuukata huteleza. Nondo ni mbaya zaidi, maana huuvuta mkanda kabla haujakatika. Chombo cha kazi hii ni mkasi wa mikanda, wenye mipini mirefu. Mkataji avae glavu nene na miwani, asimame pembeni, aushikilie mkanda karibu na anapokata, na wenzake wakae mbali. Kwanza autazame mzigo: mabati yaliyohama njiani huporomoka mara mkanda unapoachia. Belo lisinyanyuliwe kwa kushika mkanda, hata pale boti ya kwenda Bukavu inapokaribia kuondoka. Vipande viokotwe mara moja, kwani hupenya kandambili.

Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake, na mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, hufidia ajali za kazini za walioandikishwa. Mbebaji anayelipwa kwa mzigo kwa kawaida hajaandikishwa. Akikatika mshipa wa kidole, dawa ni juu yake, na siku asizobeba hazina malipo.

Mwenye depo hudhani hasara hiyo haimhusu. Anakosea. Panga linalokata mkanda huchana pia nguo za juu za belo, na nondo hukwaruza bati ambalo mteja atalikataa au kulipunguzia bei.

Wenye depo wa Birere na wa bandari ya Goma, wekeni mkasi, glavu na miwani mlangoni, na wabebaji wavipate kabla lori halijaanza kushushwa.