Ngong: Uwanja pekee wa mbio za farasi uliosalia Kenya

Upande wa Kariokor jijini Nairobi kuna barabara inayoitwa Race Course. Ukiipita leo utakutana na matatu, mikokoteni na maduka, lakini farasi humwoni. Jina lilibaki baada ya mbio kuhama. Walowezi wa Kizungu walianza kushindanisha farasi Nairobi miaka ya mwanzo ya 1900, na kwa miongo kadhaa uwanja wao ulikuwa upande huo wa mashariki wa mji. Mwaka 1954 uwanja mpya ukafunguliwa kwenye Barabara ya Ngong, kando ya msitu, na ndio unaotumika hadi sasa chini ya Jockey Club of Kenya.

Zamani Nakuru, Eldoret na Limuru nazo zilikuwa na mbio zao. Baada ya uhuru mwaka 1963 walowezi wengi waliuza mashamba wakaondoka, farasi wakapungua, na viwanja vya mikoani vikafa kimoja baada ya kingine. Umesalia wa Ngong peke yake.

Mbio hufanyika Jumapili mchana. Kabla ya kila mbio, farasi huzungushwa mbele ya watazamaji wakiongozwa na masaisi, yaani watunzaji wao. Joki hupimwa uzito pamoja na tandiko lake, na akimaliza hupimwa tena. Hapa wageni wengi huchanganyikiwa. Katika mbio nyingi, farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi, na joki akiwa mwepesi huongezewa vipande vya madini ya risasi. Nia ni kumpa farasi wa kawaida nafasi ya kushinda. Mbio kubwa kama Kenya Derby, ya mita 2,400 kwa farasi wa miaka mitatu, hazipangwi kwa kubebesha hodari mzigo hivyo. Mwenye mbio ndiye hushinda.

Jina linalotajwa sana kwenye Derby hiyo ni Beryl Markham, yule mwanamke aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza mwaka 1936. Dunia inamkumbuka kwa ndege, lakini kazi aliyoishi nayo muda mrefu zaidi ilikuwa kufundisha farasi, na farasi wake walishinda Derby mara sita. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1986, aliishi katika nyumba ndogo kwenye eneo la uwanja wa Ngong.

Sasa pesa. Dau za dirishani huingia kwenye mfuko mmoja. Tuseme zimekusanywa shilingi 100,000 na uwanja ukakata 20,000. Zinabaki 80,000 za kugawia waliobashiri sawa. Ikiwa farasi aliyeshinda alikuwa amewekewa shilingi 20,000, kila shilingi inarudi nne. Ikiwa alikuwa amewekewa 4,000 tu, kila shilingi inarudi ishirini. Kwa hiyo unashindana na watazamaji wenzako, na kile kinachokatwa ndicho husaidia kulipia zawadi na matunzo ya uwanja.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Vijana wengi siku hizi wanabashiri mpira kwa simu, hawana haja ya kufika dirishani. Mfuko ukiwa mdogo, zawadi huwa ndogo. Zawadi ikiwa ndogo, mwenye farasi hujiuliza kwa nini aendelee kulipa chakula, daktari wa mifugo na mishahara mwaka mzima. Akiacha, mbio zinabaki na farasi watano au sita, na nani ataweka dau pale ambapo kila mtu anamjua mshindi?

Ndiyo maana uwanja hutafuta riziki kwingine. Una uwanja wa gofu ndani yake, hukodishwa kwa matamasha ya muziki, na kila mwaka huwa mwenyeji wa maonyesho ya magari ya kale, Concours d'Elegance. Wapo wanaonung'unika kwamba hayo si mbio. Mimi naona bila hayo lango lingefungwa, na saisi aliyejifunza kazi hiyo kwa miaka ishirini hana uwanja mwingine wa mbio nchini wa kwenda kuomba kazi.

Ukienda Jumapili moja, usikimbilie dirishani. Simama kwanza pale farasi wanapozungushwa, uhesabu wako wangapi.