KUPOKEA SI KUHIFADHI

Hapa kwetu Oltepesi simu ya mtu ndiyo daftari la mifugo yake na albamu ya watoto wake. Hata sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019 ilifanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi. Sasa habari ikikosa kuandikika humo ndani, nani atajua?

Anayepaswa kujua kwanza ni programu ndogo iitwayo kiendeshi, tarishi kati ya chombo na memori kadi. Nitaeleza kwa kadi ya SD, aina iliyotangazwa mwaka wa 1999 na SanDisk, Panasonic na Toshiba, ikitumia njia rahisi ya vyombo vidogo iitwayo SPI.

Kiendeshi hutuma habari kwa mafungu ya baiti 512. Kila fungu hufuatwa na baiti 2 za kuhakikisha, kama vile mwenye duka aandikavyo jumla chini ya hesabu ili kosa lionekane. Kadi hujibu kwa biti 5: 00101 ni "nimepokea", 01011 ni "jumla haikubaliani", na 01101 ni "nimeshindwa kuandika". Lakini angalieni: katika SPI, kadi haiikagui jumla hiyo mpaka iamrishwe kwa amri ya 59.

Wengi husimama hapo wakafurahi. Kumbe kupokea si kuhifadhi! Baada ya kujibu ndipo kadi huanza kuandika hasa. Kiendeshi kingoje, lakini si milele. Kwa kadi za SDHC kikomo ni milisekunde 250, yaani robo ya sekunde. Kisha kiulize hali kwa amri ya 13, maana makosa mengine hutokea wakati huo. Muda ukipita, au jibu likiwa baya, kiseme wazi "imeshindikana". Kisinyamaze.

Je, kadi bandia? Zipo zilizoandikwa ukubwa zisio nao. Hizo husema "nimepokea" hata nafasi ikiwa imekwisha, na nyingine huandika habari mpya juu ya zile za zamani. Ukisoma fungu moja moja papo hapo, utadanganyika. Dawa yake ni kuijaza kadi yote kwanza, halafu kuisoma tangu mwanzo na kulinganisha.

Basi wenzangu mnaopenda kompyuta, kuuliza si ujinga. Picha ya babu aliyekwisha kufariki haipigwi mara ya pili.